Mtoto wa Jicho Akishatolewa, Utasomaje?

Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshaambiwa kuwa mna mtoto wa jicho na kwamba tiba yake ni upasuaji. Wengine mmeshapangiwa tarehe. Leo sitakaa sana kwenye ukungu, kwa sababu ukungu utaondoka. Nimekuja kwa ajili ya swali ambalo mara nyingi husikika siku ambayo bandeji imeshatolewa: "Daktari, mbona mlima ule nauona, lakini barua hii siwezi kuisoma?"

Swali hilo lina majibu mazuri. Shida ni kwamba karibu majibu yake yote yanapatikana kabla ya upasuaji. Baada yake, mengi yanakuwa magumu, na mengine hayawezekani tena.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyuma ya ile duara nyeusi tunayoiita mboni kuna lenzi ya asili, imekaa ndani ya kifuko chembamba sana. Kwa kijana, lenzi hiyo ni laini. Akitazama mbali inalala bapa. Akitazama karibu, msuli mdogo unaoizunguka unajikaza, nyuzi zinazoishikilia zinalegea, nayo inanenepa na kuongeza nguvu. Nguvu hiyo tunaipima kwa diopta, na hesabu yake mtu yeyote anaiweza: gawanya 1 kwa umbali uliopimwa kwa mita. Kitabu kilicho sentimita 40 kutoka jichoni kinahitaji diopta 2.5. Simu iliyoshikwa sentimita 33 inahitaji 3. Skrini ya kompyuta iliyo sentimita 66 inahitaji 1.5.

Mtoto wa miaka 10 anaweza kuongeza takriban diopta 14 bila kufikiri. Akifika miaka 50 amebakiwa na kama 2. Akifika 60, karibu hana kitu. Msuli bado unajikaza kama zamani. Lenzi ndiyo imekakamaa. Ndiyo maana mtu wa miaka 45 anaanza kuisukuma barua mbali na uso, mbali na uso, mpaka mkono unaisha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Lenzi ile ile iliyokakamaa ndiyo baadaye inayoingia ukungu, na ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Daktari anapasua mlango wa milimita 2 hadi 3 pembeni mwa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, anafungua tundu la duara la kama milimita 5 mbele ya kile kifuko, anaivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza. Ndani ya kifuko hicho hicho anaweka lenzi bandia ya plastiki, ambayo sehemu yake ya kuonea ina kipenyo cha kama milimita 6. Lenzi ya kawaida ina nguvu moja tu. Hainenepi, haibadiliki. Itakaa humo maisha yako yote.

Nguvu moja. Kwa umbali upi? Nani ameuchagua umbali huo? Wewe, au mtu ambaye hakukuuliza?

Mchukueni mama mmoja wa miaka 68. Tangu msichana amevaa miwani ya −3 ya kuonea mbali. Kusoma hakujawahi kumsumbua: anavua miwani, anakileta kitabu karibu, sentimita 33, anasoma hata maandishi madogo ya karatasi ya dawa. Amefanya hivyo kila usiku kwa miaka 50. Anapasuliwa, anawekewa lenzi iliyokokotolewa kwa ajili ya mbali, na kwa vipimo vya hospitali upasuaji umefaulu kabisa: anasoma mstari wa chini wa chati ya ukutani bila miwani. Usiku anapanda kitandani, anakishika kitabu chake, haoni hata herufi moja. Anakisogeza, haoni. Mama huyu hakuwahi kuwa na miwani ya kusomea maishani mwake. Kwake yeye, amenyang'anywa kitu.

Je, kuna aliyekosea mahesabu? Hakuna. Lenzi ni sahihi, kipimo ni sahihi. Kilichokosekana ni dakika 5 za mazungumzo. Mtu kama huyu anaweza kuombewa lenzi inayomwacha kwenye −2.5 au −3, yaani jicho linaloona karibu bila miwani, aendelee kusoma bila miwani na kuvaa miwani ya mbali kama alivyozoea. Ni uamuzi halali kabisa, na kwa maoni yangu hutolewa mara chache mno.

Na kuna wengine wanaofanana naye bila kujijua. Yule mzee wa miaka 70 ambaye ghafla ameanza kusoma bila miwani, na nyumba nzima inashangilia kwamba macho yamerudi ujana. Hayajarudi. Kiini cha lenzi kinapogeuka kigumu na cha kahawia, nguvu yake huongezeka na jicho huvutwa kuelekea karibu. Ni mtoto wa jicho anayekua. Akitolewa, usomaji ule unaondoka naye. Mzee huyo lazima aambiwe hivyo mapema, tena aambiwe mbele ya wanawe.

Jambo la pili ni vipimo. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, daktari Harold Ridley aliweka lenzi bandia kwa mara ya kwanza ndani ya jicho la binadamu. Wakati wa vita alikuwa ameona vipande vya plastiki kutoka kwenye vioo vya ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyachochea, akaona kwamba plastiki ya namna hiyo inafaa. Aliitengeneza lenzi yake kwa kufuata umbo la lenzi ya asili. Lakini plastiki ile hupinda mwanga zaidi kuliko lenzi ya asili. Umbo lile lile likatoa nguvu kubwa kupita kiasi, na mgonjwa wake wa kwanza akabaki haoni mbali kwa zaidi ya diopta 15. Upasuaji uliobadilisha historia ya macho, na mgonjwa akahitaji miwani mizito!

Leo hatukisii. Tunapima vitu viwili vikuu: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa wengi ni kama milimita 23.5, na mviringo wa konea. Kosa la milimita 1 kwenye urefu linakuletea kosa la diopta 2.5 au zaidi. Milimita 1, ndugu zangu. Ndiyo tofauti ya kusoma gazeti na kutolisoma.

Kosa hilo linatoka wapi? Mara nyingi linatoka mahali padogo. Kuna mashine ya mwanga, ambayo unaweka kidevu, unatazama nukta, haikugusi. Hiyo ndiyo bora. Lakini mtoto wa jicho aliyekomaa sana huuzuia mwanga usipite, na hapo hutumiwa kipimo cha mawimbi ya sauti chenye kichwa kinachogusa konea. Mpimaji akikikandamiza kidogo tu, jicho linabonyea, urefu unasomeka mfupi, hesabu inatoa lenzi kali mno, na mgonjwa anaishia haoni mbali. Dawa yake ni kupima kwa kikombe kidogo chenye maji kinachokaa juu ya jicho, ili kile kichwa kisiiguse konea kabisa, na kurudia kipimo mpaka namba zikubaliane. Macho yote mawili yapimwe, hata kama linapasuliwa moja. Tofauti kubwa kati ya jicho la kulia na la kushoto ni ishara ya kurudia.

Na jicho kavu? Hili linadharauliwa, na ndilo linaloharibu mipango mingi. Machozi yakiwa yamepungua, uso wa konea unakuwa na mabaka, na mashine inasoma mviringo mmoja asubuhi na mwingine mchana. Ukihisi mchanga machoni, kuungua, au uono unaokuja na kuondoka kila unapopepesa, sema kabla ya kupimwa. Utibiwe kwanza kwa wiki kadhaa, kwa machozi bandia na kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope, kisha upimwe. Kuchelewa mwezi mmoja si hasara. Wanaovaa lenzi laini za kubandika machoni waache kuzivaa wiki 1 hadi 2 kabla ya kipimo. Lenzi ngumu, wiki 3 hadi 4 au zaidi. Na kama uliwahi kufanyiwa leza ya kuondoa miwani, hata miaka 20 iliyopita, usiache kusema, na utafute karatasi zako za wakati ule. Konea iliyochongwa kwa leza huidanganya fomula ya kawaida: aliyechongwa kwa sababu alikuwa haoni mbali huwekewa lenzi dhaifu, kisha haoni vizuri mbali wala karibu. Zipo fomula maalumu kwa ajili yake, lakini nani atazitumia kama hakuambiwa?

Sasa tufike kwenye uchaguzi wenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo maneno mengi matamu huzungumzwa. Niseme wazi tangu mwanzo: hakuna lenzi inayorudisha jicho la kijana. Kila lenzi inakupa kitu na inakudai kitu. Kila moja.

Njia ya kwanza ni lenzi ya umbali mmoja katika macho yote mawili, ikilenga mbali, na miwani ya kusomea. Ni njia ya zamani, na ndiyo inayotoa picha safi zaidi, hasa usiku na kwenye mwanga hafifu. Miwani ya +2.5 inatosha kwa kitabu, na kwa kompyuta kama +1.5. Msione ni njia ya maskini. Kwa watu wengi ndiyo njia sahihi, na kwa baadhi ndiyo pekee iliyo salama.

Njia ya pili inaitwa monovisheni. Lenzi ni zile zile za umbali mmoja, lakini jicho moja linalengwa mbali na jingine linaachwa karibu kidogo. Mfikirieni fundi cherehani. Mkono wake uko kama sentimita 60 kutoka jichoni, sindano inapanda na kushuka, huku mteja amesimama mlangoni. Jicho lake linalotawala linawekwa kwa ajili ya mlangoni. La pili linaachwa kwenye −1.5 au karibu na hapo, na ubongo unachukua picha iliyo safi zaidi kwa kila kazi. Kitambaa anakiona, mteja anamwona. Kutunga uzi kwenye tundu la sindano, hilo bado litahitaji miwani, na aambiwe kabisa kwamba litahitaji.

Jicho linalotawala utalijuaje? Nyoosheni mikono yote miwili mbele. Kutanisheni viganja mpaka kibaki kitundu kidogo katikati ya vidole gumba. Kwa macho yote mawili wazi, tazameni taa ile ya mbele kupitia kitundu hicho. Sasa fumba jicho la kushoto. Taa bado ipo? Basi la kulia ndilo linalotawala. Imepotea? Ni la kushoto. Mmeona wenyewe.

Monovisheni inadai nini? Tofauti ikiwa ndogo, kama diopta 0.75 hadi 1.25, wengi hawahisi hata kidogo, lakini maandishi madogo yatataka miwani. Tofauti ikipanda juu ya 1.5, kusoma kunaongezeka huku uwezo wa kupima kina ukipungua: kumimina maji, kushuka ngazi, kupisha gari barabarani. Ikifika 2.5, baadhi ya watu hawaizoei kamwe. Aliyewahi kuvaa lenzi za kubandika kwa mtindo huu akaridhika, huyo ameshajijaribu, aendelee. Asiyewahi, namshauri aanze na tofauti ndogo.

Njia ya tatu ni lenzi za umbali mwingi, na hizi ndizo mnazozisikia sana. Juu ya plastiki kuna pete nyembamba mno zinazougawa mwanga: sehemu kwa ajili ya mbali, sehemu kwa ajili ya karibu, na katika aina za umbali 3, sehemu kwa ajili ya kati. Mtu aliyechaguliwa vizuri anaweza kukaa bila miwani karibu siku nzima. Hilo ni kweli na ni jambo la kufurahisha. Lakini mwanga uliogawanywa umegawanywa. Katika lenzi ya pete ya umbali 2 inayogawa sawa, kama asilimia 41 ya mwanga inakwenda mbali, asilimia 41 karibu, na asilimia 18 hivi inapotea. Kwa hiyo kitu cha kijivu kilicho mbele ya kijivu kinafifia, na kusoma kunahitaji taa nzuri.

Mchukueni dereva wa lori anayesafiri usiku. Amesikia kuhusu lenzi hizi, anazitaka, hataki miwani tena. Anawekewa. Mchana anafurahi. Usiku, kila taa ya gari linalokuja imezungukwa na pete za mwanga, na kila taa ya barabarani ina miale. Wengi huzoea ndani ya miezi 3 hadi 6, ubongo unajifunza kuzipuuza. Wapo wasiozoea. Kwa mtu ambaye usiku barabarani ndiyo kazi yake, kwa nini tuanze na bahati nasibu hiyo? Dereva huyu angefaa lenzi ya umbali mmoja, au ile aina inayorefusha upeo wa kuona bila kuugawa mwanga kwa pete kali. Aina hiyo ya mwisho inatoa mbali na kati vizuri, dashibodi inasomeka, na kwa maandishi madogo miwani dhaifu inabaki mfukoni.

Nani asiwekewe kabisa lenzi za umbali mwingi? Mwenye ugonjwa wa makula, yaani kitovu cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, nacho ndicho tunachosomea. Mwenye kisukari kilichoharibu retina. Mwenye presha ya macho iliyoendelea. Mwenye konea iliyopinda ovyo au yenye kovu. Hawa tayari wamepungukiwa na uwezo wa kutofautisha kivuli na mwanga. Tukiwagawia tena mwanga tunawapunguzia mara ya pili. Ndiyo maana ombeni makula ipigwe picha kwa mashine kabla ya uamuzi, hata kama daktari ameitazama kwa macho. Ukungu unaficha mengi.

Na astigmatizimu. Konea nzuri ni duara kama mpira. Yenye astigmatizimu imebonyea kidogo kama yai. Kwa lenzi ya umbali mwingi, ikibaki zaidi ya diopta 0.5 hadi 0.75 baada ya upasuaji, faida yote inayeyuka na mtu haridhiki. Ipo lenzi inayosahihisha hilo, lakini ina mhimili wake na lazima ikae kwenye nyuzi sahihi, yaani digrii za mzunguko. Ikizunguka nyuzi 1 inapoteza kama asilimia 3 ya kazi yake. Ikizunguka 30, haina kazi tena. Ndiyo sababu mtawekewa alama za wino kwenye jicho mkiwa mmekaa wima: ukilala chali, jicho hujizungusha kidogo lenyewe. Mtu akikuwekea alama umelala, muulize.

Ulizeni pia swali hili, ambalo wachache huuliza: "Kifuko kikipasuka katikati ya upasuaji, utaniwekea nini?" Ukuta wa nyuma wa kifuko ni mwembamba kuliko unywele, na mara chache huchanika hata mikononi mwa daktari hodari. Lenzi ya pete isiyokaa katikati sawasawa ni mateso. Daktari makini anakuwa na lenzi ya umbali mmoja ya akiba pale mezani, na mgonjwa anakuwa ameshaambiwa kwamba inaweza kutumika.

Basi mfanye nini mkirudi nyumbani? Chukueni futi kamba. Kaa unavyokaa siku zote, shika unachoshika siku zote, na mwambie mtu apime kutoka pembeni mwa jicho lako. Kitabu: ngapi? Simu: ngapi? Meza ya kazi, jiko, kompyuta, uso wa mjukuu uliyempakata? Ziandike kwenye karatasi. Andika pia kama unaendesha gari usiku, na kama ukivaa miwani unajisikia sawa au unaudhika. Andika namba za miwani yako ya zamani, siyo ya sasa tu. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kusema "nataka nione vizuri."

Baada ya upasuaji, msikimbilie duka la miwani wiki ya kwanza. Subirini wiki 4 hadi 6 jicho litulie. Maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi au uono unaoshuka ghafla, hayo hayasubiri hata usiku mmoja. Rudini hospitali siku hiyo hiyo.

Na mkiwekewa lenzi ya pete mkaona tangu siku za kwanza kabisa kwamba haiwafai, semeni mapema. Baadaye mtu anaweza kuwaambia kwamba kifuko kimeingia ukungu na kitobolewe kwa leza. Ukungu huo upo kweli, na leza hiyo ni tiba nzuri kwa mtu aliyekuwa anaona vizuri kisha akafifia baada ya miezi au miaka. Lakini kwa ambaye hakuwahi kuona vizuri tangu mwanzo, chanzo ni kingine: astigmatizimu iliyobaki, jicho kavu, makula, au lenzi yenyewe. Kifuko kikishatobolewa, kubadilisha lenzi kunakuwa hatari zaidi, kwa kuwa ute wa nyuma ya jicho unaweza kuja mbele. Kwa hiyo sababu itafutwe kwanza, leza baadaye.

Mwenye macho mawili ya kupasuliwa ana nafasi moja zaidi, naomba asiipoteze. Kati ya jicho la kwanza na la pili, ishi na la kwanza wiki kadhaa ikiwezekana. Soma nalo. Tembea nalo usiku. Kisha nenda kwa daktari na majibu: namba iliyotarajiwa ilikuwa ngapi, imetoka ngapi, na kitabu kinasomeka sentimita ngapi. Hesabu ya jicho la pili inaweza kurekebishwa kwa kufuata lilivyotoka la kwanza, na hata mpango wenyewe unaweza kubadilishwa. Kama la kwanza limelengwa mbali na umeliridhia, la pili bado linaweza kuachwa kwenye −1 au −1.5 kwa ajili ya kusoma. Mpaka siku ile lenzi ya pili inapoingia, mlango huo uko wazi.

Sasa anayetaka kuuliza anyooshe mkono. Tuanze na waliokuja na miwani yao ya zamani.